Toa presha kabla ya kufungua filta ya petroli

Leo nimebadilisha filta ya mafuta uani, hapa Jinja. Kilichonisaidia: chomoa kwanza fyuzi ya pampu ya mafuta, washa injini, iache iungurume mpaka izime yenyewe. Itakuwa imeshakunywa petroli iliyobanwa kwenye paipu, kwa hiyo ukilegeza nati hurushiwi mafuta usoni. Yatadondoka matone tu, tandika kitambaa. Subiri injini ipoe, chomoa waya hasi wa betri, na jiko la mkaa liwe mbali kabisa, tafadhali. Mshale wa filta uelekee injini. Dizeli haitaki njia hii. Yenyewe, ukishabadilisha filta, mara nyingi hutolewa hewa kwa pampu ya mkono. Magari mengi ya siku hizi filta imo ndani ya tangi: hayo mpelekee fundi.