Namna ya kufundisha somo la rushwa likamgusa msikilizaji

Kwa miaka 11 nimefundisha maadili ya dini kwa watumishi wa umma, Waislamu na Wakristo darasa moja. Kabla ya hapo nilikuwa mkaguzi wa hesabu. Mwanzoni nilikuwa nikisema tu kwamba rushwa ni dhambi, wote wanaitikia, tunaagana. Kila mmoja alikuwa akimfikiria mwingine: waziri, hakimu, askari.

Anza na zawadi, maana wengi huanguka hapo. Simulia habari ya mkusanya zaka, iliyomo katika vitabu vya hadithi za Mtume vya Bukhari na Muslim, aliyerudi kwa Mtume Muhammad akasema hiki ni chenu, hiki nimepewa zawadi. Mtume akauliza mbona asikae nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama ataletewa. Kisha nyamaza. Kila mtu ajiulize moyoni: nisingekuwa na muhuri huu, bahasha hii ingenifikia?

Fungua Biblia, Kutoka 23:8, na hapo usiwe na haraka. Andiko linasema rushwa hupofusha macho ya waonao. Mkaguzi aliyekwisha kupokea kitu haoni tena nondo zilizopungua. Sasa leta taifa ubaoni: mkandarasi ametoa asilimia 10 ya gharama ya shule ili apewe zabuni. Uliza hela hiyo ataifidia wapi. Watajibu wenyewe: kwenye saruji, kwenye nondo, kwenye ujira wa vibarua. Waulize pia habari za mkandarasi mwaminifu aliyekosa kazi. Mwakani ama haombi, ama anakuja na bahasha yake. Na kama shule ilijengwa kwa mkopo, deni litalipwa na watoto waliosomea chini ya kuta zenye nyufa. Niliwahi kukagua jengo la namna hiyo. Karatasi za vipimo zilikuwa na saini zote.

Mtoaji naye amelaaniwa pamoja na mpokeaji. Hadithi hiyo ya Mtume imo katika vitabu vya Abu Daud na Tirmidhi. Ila tafadhali usimweke mama anayedaiwa hela ndipo mwanawe atibiwe kapu moja na anayenunua zabuni. Wanazuoni wengi wa Kiislamu husema anayelazimika kutoa ili apate haki yake hana dhambi, dhambi ni ya aliyepokea. Mimi hulisema hili waziwazi, kwa sababu wanyonge wamebebeshwa vya kutosha.

Malizia kwa Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19:8. Aliahidi kumrudishia mara 4 kila aliyemdhulumu. Toba ya rushwa ina kiasi na ina mwenyewe wa kurudishiwa, kwa hiyo gawa karatasi tupu, kila mtu aandike kwa siri: nini, kwa nani. Usizikusanye.

Safari iliyopita mzee mmoja alibaki nyuma na karatasi yake. Mjane aliyemtoza miaka mingi iliyopita alikwisha kufa. Tukakaa tukaanza kuandika majina ya watoto wake.