Mambo ya kupanga mapema nyumbani, mbele infeksio haijapeleka mutu wenu reanimasio

Msimu moja ya mvua, kwetu Kadutu, mu Bukavu, tulipeleka watu wawili lopitali mu wiki tatu, na wote wawili waganga waliandika neno moja ku fishi: sepsisi. Wa kwanza ni shemeji yangu, miaka hamsini na kitu, mapafu. Wa pili mama mudogo, alikuwa na siku sita tu tangu azae. Shemeji alianza kutetemeka mangaribi, saa tatu ya usiku alikuwa tayari mu kipoyi, kile kitanda cha kubebea mugonjwa, wanaume wane wanamupandisha zile ngazi za udongo mpaka fasi pikipiki inafika, na kila jirani ametoa kitu. Mama mudogo alikaa na homa siku mbili nzima, juu kila mutu alisema ni uchovu wa kuzaa, ni maziwa inapanda, mumupe chai ya moto alale. Bwana yake alikuwa safarini, simu haipatikani, na bila yeye hakuna aliyethubutu kugusa feza ya nyumba. Wote wawili walirudi, namushukuru Mungu, lakini mumoja alilala lopitali siku nane na mwingine siku kumi na tisa, na munaweza kujua nani ni nani.

Tangu pale niko nauliza swali moja: sepsisi ikimufikisha mutu mpaka reanimasio, kile chumba ya wagonjwa mahututi, nani anapona zaidi, mwanaume ao mwanamuke? Niliuliza waganga, nikasoma, na jibu haikuwa ile nilikuwa nangojea. Lakini kwanza tuelewane, sepsisi si maikrobu yenyewe, ni pale mwili inapigana na maikrobu mpaka inapoteza kichwa, inaanza kuharibu vitu vyake yenyewe, figo, mapafu, moyo, ubongo, tansio, ile presha ya damu, inaanguka. Mu mwaka 2017 dunia nzima walihesabu watu milioni 48.9 walioipata na milioni 11 waliokufa nayo, ni kama kifo kimoja mu kila vifo vitano, na wengi wao ni mu inchi kama zetu.

Mu hesabu hiyo ya dunia, wakisha kusawazisha umri, wanawake njo wanaipata zaidi lakini wanaume njo wanakufa nayo zaidi. Sasa ingia mu reanimasio uone mambo inageuka. Ujerumani, 1998, ku wagonjwa wachache waliopata sepsisi kisha operasio, wanaume walikufa 70% na wanawake 26%. Ujerumani hiyo hiyo, Berlin, 2011, mu reanimasio wanawake wenye sepsisi walikufa 23.1% na wanaume 13.7%. Marekani mu 2010 walipima wagonjwa 18,757, wanawake walikufa 35%, wanaume 33%, karibu sawa lakini wanawake walikufa zaidi kidogo. Mu 2021 watafiti walikusanya masomo ya namna hiyo yote pamoja wakasema ushahidi ni zaifu sana, hauwezi kusema ni nani. Kwa hiyo mutu akikuambia "wanawake wako na damu ya nguvu" ao "mwanaume njo anavumilia", mwache aongee.

Ya mwili iko, siikatai. Ku panya, homoni ya kike inasaidia kinga na homoni ya kiume inaiangusha, na mwanamuke ako na kromosomu X mbili, na pale X njo inabeba jeni nyingi za kinga. Lakini wagonjwa wengi wa reanimasio ni wazee, na ku mama aliyekwisha kukatika siku zake ile homoni imeisha pungua, kwa hiyo faida ya panya wa maabara isikudanganye. Kitu iliyonishika zaidi ni ingine: mu ile hesabu ya Marekani, wanawake walitiwa ku mashini ya kupumua mara chache kupita wanaume, ku mashini ya kusafisha damu vilevile, na mara nyingi zaidi iliandikwa ku fishi yao kwamba matunzo iwe na mwisho. Uswidi pia, 2020, waliona wanawake wanapata kwa upungufu yale matendo ya masaa matatu ya kwanza. Haya ni mambo ya watu, haiko homoni. Na mambo ya watu unaweza kuipanga mbele.

Sasa ya kwanza kupanga ni ruhusa. Keti na watu wa nyumba wakati wote wako wazima, mukubaliane kwamba mutu mukubwa akiwa na homa na dalili moja ya hatari, yeyote aliye nyumbani anaamua kwenda, hata kama ni binti wa miaka kumi na saba, bila kungojea baba ajibu simu. Kwetu tuliona haya kuongea hiyo, baba mukubwa alisema tunaita mabaya, lakini tuliongea. Na feza ya lopitali itengwe, ijulikane fasi iko na wanawake wa nyumba waijue, juu tuliona benki zikifunga hapa mwanzo wa 2025, huwezi kutegemea kusema "nitaenda kutoa kesho". Kidogo ku simu, kidogo ku mukono, na namba za watu wawili wa pikipiki wanaokubali kutoka usiku, juu mumoja atakuwa amezima.

Ya dalili, nunua termometa, na saa yenye mushale wa sekunde ao simu inatosha. Hesabu pumzi ya mugonjwa dakika moja nzima, kifua ikipanda ni moja. Mutu mukubwa akifika 22 ao kupita na ako na infeksio fasi fulani, usilale. Akianza kuongea vitu havina kichwa, ao mukojo umepungua sana tangu asubui, ao ngozi imekuwa na madoadoa na mikono baridi, ao tansio ya juu ni 100 ao chini, hapo unaenda. Na si lazima mwili uwake moto, wazee wengine wanakuwa baridi, chini ya 36, na watu wanasema "homa imeshuka" kumbe ni ubaya. Wanaume wanakuja na mapafu zaidi, na kidonda cha kazi alichofunga na kitambaa, na ugonjwa yao kubwa ni ile neno "niko sawa". Shemeji alikohoa siku kumi mbele ya ule usiku, asitudanganye kwamba ilianza mangaribi.

Wanawake mara nyingi inatokea chini, ku njia ya mukojo ao ku kizazi. Kukojoa kwa maumivu kisha homa na mugongo kuuma upande moja, hiyo si baridi ya ziwa. Na kisha kuzaa, ile wiki sita yote, mama akiwa na homa, tumbo ya chini inauma, damu inayotoka inanuka vibaya, anarudi maternite siku ileile, hata kama alizaa muzuri na hata kama alipasuliwa na kidonda inaonekana safi. Mimba ikitoka, ni vilevile, na hapa naongea na mabwana na mama wakwe: musimuulize alifanya nini, mumubebe kwanza. Ku CPN, ile kliniki ya wamama wenye mimba, muulize pia habari ya azitromisini, ni antibiotiki. Mu 2023 somo kubwa ya wamama kupita 29,000 mu inchi saba, na Kongo yetu ilikuwa ndani, iliona kwamba gramu 2 mara moja wakati wa uchungu, kwa anayezaa njia ya kawaida, ilipunguza sepsisi ao kifo cha mama kutoka 2.4% mpaka 1.6%. Uamuzi ni wa muganga, lakini kuuliza ni bure.

Kuhusu dawa za ku farmasi ya barabarani, naomba, usianze vidonge vitatu vya antibiotiki ukaacha vitano kwa ajili ya mutoto. Ukiwa umekwisha anza, beba pakiti zote mu mufuko, hata zilizo tupu. Na tesi ya malaria ikitoka ndiyo, muganga bado anaweza kutafuta infeksio ingine, mutu anaweza kuwa na mbili, usikasirike ukadhani wanatafuta feza.

Ukifika urjansi, fasi ya wagonjwa wa haraka, kitu ya kuuliza kwa heshima, "muganga samahani, antibiotiki ya kwanza atapata saa ngapi?" kisha uandike saa iliyopigwa. Si kuwapima waganga, ni juu saa inahesabika: mu 2006 waliandika kwamba ku wagonjwa ambao tansio imekwisha anguka, kila saa moja ya kuchelewa mu masaa sita ya kwanza ilipunguza nafasi ya kupona karibu 7.6%. Mama mudogo, fasi tulianza kumupeleka, waliandika "uchovu kisha kuzaa" wakamuambia ajipumzishe ku benchi ya ukumbini, shemeji fasi ileile alipitishwa mbio mbio. Siwezi kusema walifanya kwa kusudi. Ila tangu pale mwanamuke wetu hapelekwi peke yake, anaenda na mutu mwenye sauti, na ile mutu anasema sentensi moja tu: "huyu si kawaida yake."

Kitu moja usidai, serumu, yale maji ya chupa ya ku mushipa. Watu wetu wanahesabu chupa, chupa nyingi njo matunzo. Lusaka, 2017, wagonjwa wakubwa wenye sepsisi na tansio ya chini 212, wale walipewa maji mengi ku mushipa na dawa za tansio kwa kufuata mupango wa inchi za mbali walikufa 48.1%, wale wa matunzo ya kawaida 33%. Watoto wa Uganda, Kenya na Tanzania, 2011, serumu ya haraka ilileta vifo 10.6% mu siku mbili, kumbe bila ile ni 7.3%. Muganga akikuambia polepole na maji, ako na sababu.

Mengine ni ya haraka: mujue lopitali gani iko na oksijeni ya kweli na jenereta, juu mashini ya oksijeni bila umeme ni kabati tu, mujue grupu ya damu ya kila mutu wa nyumba na nani atakubali kutoa, kitabu kidogo cha lopitali cha ugonjwa ya zamani, dawa za sukari ao tansio, vyote fasi moja.

Halafu ile ngumu, muulizane mbele: nikifika ku mashini, munataka nini, mimi nataka nini? Niliona mu mabarza za lopitali, baba akizidiwa ukoo inauza mbuzi na kiwanja, mama akizidiwa mutu anasema polepole "tumuache apumzike". Pengine ni huruma, lakini mimi nilimuambia dada yangu mbele ya mashahidi, kama kuna nafasi, munitie ku mashini.

Na mupange kurudi nyumbani pia, juu mwili inabaki zaifu miezi, mutu anasahau vitu, usingizi inakataa, na miezi ya kwanza anaweza kurudishwa lopitali. Shemeji alikaa ku kiti mwezi moja anapikiwa uji ya soya. Mama mudogo siku ya ine nilimukuta ku robine na bidoni ya litre ishirini, mutoto ku mugongo. Siku hiyo njo tuliandika ku karatasi ya ukuta nani atachota maji wiki gani.