Kibanda cha Theluji Missoula: Kazi Inayohitaji Wenzako

Mtu wa Afrika Mashariki anayehamia Missoula, katika jimbo la Montana nchini Marekani, hupewa maelekezo mengi ya kuishi ndani ya nyumba wakati wa baridi: namna ya kuzuia mabomba ya maji yasigande, mahali pa kupata koti zito kwa bei nafuu, na namna ya kupunguza gharama ya kupasha nyumba joto. Ni nadra kuelekezwa namna ya kukaa nje. Ilhali mji huu, ulio mita 980 hivi juu ya usawa wa bahari na kuzungukwa na milima pande zote, ni mji ambao watu wake hufahamiana zaidi wakiwa nje, na anayejifungia tangu Novemba hadi Machi humaliza msimu akiwafahamu mwajiri wake na keshia wa dukani tu. Mwongozo huu unahusu kazi moja ya nje, nayo ni kujenga kibanda cha theluji ambacho watu wawili wanaweza kulala ndani yake. Nimeichagua kwa sababu vifaa vyake ni vichache, na kwa sababu haifai kabisa kufanywa na mtu aliye peke yake.

Wenzako wa kwanza si vigumu kuwapata. Shirika la IRC, linalosaidia wakimbizi, lilifungua tena ofisi yake Missoula mwaka 2016, na miongoni mwa familia za mwanzo kupokelewa zilikuwamo za wakimbizi kutoka Kongo, ambao wengi wao huzungumza Kiswahili. Lipo pia shirika la Soft Landing Missoula, lililoanzishwa na wenyeji wenyewe ili kuwapokea wageni hao, ambako utakutana na Wakongomani na Wamarekani waliojitolea chini ya paa moja. Mabasi ya mji, yaitwayo Mountain Line, hayatozi nauli tangu mwaka 2015, kwa hiyo kukosa gari si sababu ya kukosa watu. Ukitoka Tanga au Nairobi na kukuta Kiswahili cha Kivu kinatofautiana na chako, kiache kama kilivyo. Anayeanza urafiki kwa kumsahihisha mzee wa watu lugha yake hataalikwa tena. Msalimu kwa heshima, mwulize habari za nyumbani, kisha umweleze unachokusudia. Huenda akacheka kwanza, maana aliyekimbia hema la kambini hawezi kuelewa mara moja kwa nini mtu mwenye nyumba atake kulala katika theluji, na swali lake ni la haki. Mweleze kwamba ni mchezo wa wenyeji, na kwamba hakuna anayelazimika kulala humo.

Mwenyeji mmoja mwenye uzoefu ni wa lazima katika kundi lenu. Jirani, mfanyakazi mwenzako au mzazi wa mtoto anayesoma na wako aweza kuwa amewahi kujenga kibanda cha aina hii, ambacho wao hukiita kwinzi, tangu utotoni. Mwombe awafundishe. Wamarekani wa milimani hufurahia kuombwa ujuzi kuliko wanavyofurahia kualikwa chakula, ingawa chupa ya chai ya tangawizi na maandazi ya moto hayajawahi kuharibu siku ya kazi.

Jengeni kibanda cha kwanza mchana, uani, kwa idhini ya mwenye nyumba, na mkibomoe jioni bila mtu kulala ndani. Vaeni sufu au nguo za nyuzi za viwandani karibu na mwili, na juu yake koti na suruali zisizopitisha maji, kwa sababu mchimbaji hulala kifudifudi ndani ya theluji na hutoka amelowa. Nguo za pamba, pamoja na jinzi, hunyonya jasho na kulishikilia, na jasho hilo ndilo litakalomtetemesha mtu akishasimama. Fanyeni kazi polepole, mkipunguza nguo kabla jasho halijaanza kutoka. Mitumba ya mji huu ni mizuri sana kwa mavazi ya namna hii.

Anzeni kwa kukanyaga ardhi mtakayojengea ili theluji ya chini ishikamane, kisha mrundike theluji kwa mabeleshi mpaka mpate kilima chenye kimo cha mita 2 na upana wa mita 3 au zaidi kidogo. Theluji ya Montana mara nyingi ni kavu kama unga wa sembe na haifinyangiki mkononi, lakini hilo lisiwakatishe tamaa. Inaporushwa kwa beleshi chembe zake huvunjika na kuchanganyika, na zikiachwa zitulie huanza kuungana zenyewe hadi rundo zima likawa gumu. Ndiyo maana ni sharti kusubiri saa mbili hivi kabla ya kuchimba, na zaidi ya hapo baridi ikiwa kali sana. Wengi hushindwa hapa. Subira ikiwashinda, paa litawaangukia.

Wakati wa kusubiri, kateni vijiti vikavu vyenye urefu wa sentimita 30 na mvichomeke pande zote za rundo hadi vizame. Mchimbaji akiwa ndani, akikutana na ncha ya kijiti hujua amefika mwisho wa ukuta na huacha kuchimba upande huo. Mlango uwe mdogo na wa chini, usielekee unakotoka upepo. Ndani, acheni jukwaa la kulalia lililo juu zaidi ya mlango, kwa kuwa hewa baridi hushuka na kukusanyika chini. Paa liwe la mviringo, tena lilainishwe kwa mkono wenye glovu, ili maji yateremke ukutani badala ya kumdondokea aliyelala. Kisha toboeni tundu la hewa la ukubwa wa ngumi, na mlichunguze kila mara lisizibwe na theluji mpya.

Mtu mmoja huchimba, wa pili huondoa theluji mlangoni, na wa tatu husimama nje akiwa na beleshi mkononi, akizungumza na mchimbaji wakati wote. Huyu wa tatu hana kazi nyingine. Paa likiporomoka, yeye ndiye atakayemfukua aliyefunikwa, na hapana nafasi ya kwenda kutafuta msaada wa mbali. Watoto wasiruhusiwe kupanda juu ya kibanda, wala kuchimba katika marundo yaliyosukumwa kando ya barabara na magari ya kuondoa theluji, kwa kuwa dereva hawezi kumwona mtoto aliye ndani.

Kosa tunaloweza kwenda nalo kutoka nyumbani ni la jiko. Sisi tumezoea kuota moto, na kishawishi cha kuingiza jiko la mkaa au la gesi kibandani ni kikubwa. Usifanye hivyo hata kidogo. Moto hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, inayoua na isiyo na rangi wala harufu, na kuta za theluji huizuia isitoke. Katazo hili linahusu pia nyumba na gereji yako. Theluji yenyewe, kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani yake, huhifadhi joto la miili yenu kiasi kwamba ndani hukaribia nyuzi sifuri hata nje ikiwa nyuzi 20 chini ya sifuri. Mtandike mikeka ya sponji miwili chini ya kila mfuko wa kulalia, maana baridi kubwa hutoka sakafuni.

Mkishajua kazi, mnaweza kwenda Lolo Pass, njia ya kuvukia milima iliyo kilomita 70 hivi kutoka mjini na mita 1,595 juu ya usawa wa bahari, ambako theluji ni nyingi zaidi. Wakati wa baridi huhitajika kibali cha kuegesha gari pale. Kabla ya kuondoka, someni taarifa ya kituo cha maporomoko ya theluji cha West Central Montana, kilichopo Missoula. Maporomoko mengi huanzia kwenye miteremko yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, kwa hiyo jengeni mahali tambarare palipo mbali na mteremko wa namna hiyo, pamoja na njia ambayo theluji yake ingepita. Mwachieni mtu aliyebaki mjini jina la mahali na saa ya kurudi, na lalini na beleshi moja ndani. Jua likipanda na theluji ikaanza kulowa, paa hulegea na kushuka, hivyo tokeni mapema. Kisha kibomoeni kabisa, ili mpita njia asije akaingia katika kibanda ambacho paa lake limekwisha kudhoofika.