Maji kwanza, paa baadaye: mambo ya kuzingatia kabla ya masika

Imezoeleka kusemwa kwamba visiwa vyetu vya Zanzibar viko karibu mno na Ikweta kuweza kufikwa na kimbunga. Kauli hiyo ina ukweli wake, lakini mwezi wa Aprili 1872 kimbunga kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja, huku Pemba ikisalimika kwa sehemu kubwa, na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilifika Mafia, kusini yetu tu. Kwa jinsi bahari inavyozidi kupata joto, si busara kujiandaa kwa mazoea peke yake.

La kuanza nalo ni maji, ambayo husahauliwa kwa sababu masika yenyewe ni msimu wa maji. Desemba 2009 umeme unaotoka Bara ulikatika, na Unguja ikakaa bila ya umeme huo kwa takriban miezi mitatu. Giza lilivumilika, lakini pampu za visima zilisimama na watu wakahangaika na madumu. Wala hapakuwa na kimbunga. Ikikadiriwa lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kujisafisha, nyumba ya watu sita huhitaji lita 90, yaani madumu manne na nusu ya lita 20, na kwa siku tatu yafike kumi na manne. Yawe na vifuniko na midomo myembamba, ili mkono wa mtoto na kata iliyolala sakafuni visiingie ndani. Anayekinga maji ya bati aache mvua ya mwanzo ioshe paa kwanza.

Kisima kilichoingiliwa na maji ya mafuriko kisiaminiwe hata maji yakionekana meupe, kwa kuwa choo cha jirani hakiko mbali na kipindupindu tunakijua; maji yachemshwe au yatiwe klorini. Wenzetu wa pwani, kama wa Micheweni ambako bahari imeingia katika mabonde ya mpunga, wana shida ya ziada: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini hakuondoi chumvi. Wao wahifadhi maji matamu mapema zaidi.

Chakula kinahitaji maneno machache. Bahari ikichafuka vyombo havisafiri, na mchele mwingi tunaokula huja kwa meli. Muhogo ulio shambani ni akiba nzuri, ila huoza ardhi ikituamisha maji, kwa hiyo uliokomaa ung'olewe na kukaushwa kabla.

Paa lifungwe vizuri, dawa za wagonjwa na vyeti vitiwe katika mfuko usiopenya maji, na ijulikane ni kijana gani atakayembeba bibi asiyeweza kutembea. Iwapo skuli ndiyo kimbilio, sheha aulizwe mapema ufunguo anao nani na mwenye ufunguo huo analala wapi.