Dawa za anjaina: zipi zinakaa pamoja na zipi hapana

Kama kifua kinakubana ukipanda ngazi au ukitembea haraka, ukisimama kidogo kinaachia, na imekuwa hivyo hivyo kwa miezi bila kuzidi, na daktari ameshakwambia ni anjaina (moyo kukosa damu ya kutosha), jiandae kupewa dawa zaidi ya moja. Wengi wakiongezewa dawa wanadhani wamezidiwa. Sivyo, kila dawa ina kazi yake, cha muhimu ni kujua zipi zinaelewana.

Anza kwa kuzitenga mezani. Aspirini ya dozi ndogo (miligramu 75 mpaka 100) na statini (dawa ya kupunguza kolesteroli) ziweke upande wake, hizo hazitulizi maumivu hata kidogo ila ndo zinakukinga na shambulio la moyo, kwa hiyo usiziruke eti kwa sababu husikii tofauti. Zilizobaki ndo za kuzuia kubanwa.

Mara nyingi msingi ni beta bloka, utazijua kwa jina kuishia na "olol" kwenye boksi: atenololi, bisoprololi, metoprololi. Zinapunguza mwendo wa moyo ili usihitaji oksijeni nyingi, na madaktari wengi wanalenga mapigo 55 mpaka 60 kwa dakika ukiwa umetulia. Mwenye pumu aseme mapema kabla hajaandikiwa. Isipotosha, mara nyingi inaongezwa amlodipini, na hii jozi ni nzuri kwa kweli, maana dawa za jamii hiyo zinalegeza mishipa lakini zinaweza kuukimbiza moyo kidogo, sasa beta bloka inaushika. Miguu ikianza kuvimba kwenye vifundo, mwambie daktari.

Ila hapa naomba usome pole pole. Verapamili na diltiazemu ziko ukoo mmoja na amlodipini lakini zenyewe zinapunguza mapigo, ukizichanganya na beta bloka moyo unaweza kwenda taratibu mno au umeme wake ukakatika njiani. Mama yangu alikuwa anakunywa atenololi, akaenda kliniki nyingine kwa ajili ya presha akapewa verapamili, hakuna aliyemuuliza anatumia nini. Siku ya tatu kila akisimama anaona giza, nikamshika mkono nikahesabu dakika nzima nikapata 42. Tangu siku ile tunatembea na karatasi moja yenye dawa zote na dozi zake, na inawekwa mezani kabla hata hatujaulizwa.

Kundi lingine ni naitreti, dawa za kutanua mishipa, zipo za kumeza na za kuweka chini ya ulimi. Za kumeza za muda mrefu mwili unazizoea zikikaa mwilini saa 24 bila kupumzika, ndo maana isosorbaidi mononaitreti ya kawaida ya mara mbili kwa siku hunywewa mfano saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri, sio asubuhi na usiku, ili usiku mwili upumzike. Hiyo sio makosa ya famasia, usijisahihishie. Na dawa za nguvu za kiume hazikai na naitreti kabisa, presha inaweza kushuka ghafla mpaka ukazimia au ukafa: ukishameza sildenafili usiguse naitreti kwa saa 24, tadalafili saa 48. Mwambie daktari hata kama unaona aibu.

Naitreti ya chini ya ulimi, ya kutumia ukibanwa, kaa kwanza ndo uweke, ukiwa umesimama unaweza kuanguka. Subiri dakika 5, maumivu yakibaki rudia mara moja, zikipita nyingine 5 bado unabanwa, piga simu ya dharura na usiendeshe gari. Maumivu yakija ukiwa umepumzika tu, au makali kuliko ulivyozoea, au na jasho la baridi, usianze kuhesabu dakika, piga. Vidonge viache kwenye chupa yake ya kioo, vingi vinatakiwa kutupwa wiki 8 baada ya kufunguliwa, kwa hiyo andika tarehe kwenye kifuniko.

Ivabradini, nikorandili na ranolazini huja baadaye zile za mwanzo zikishindwa au zikikukataa. Ivabradini nayo isikutane na verapamili wala diltiazemu, nikorandili inakataa dawa za nguvu za kiume kama naitreti.

Ukiongezewa dawa, hesabu mapigo na pima presha kila asubuhi kwa wiki 2, andika. Mapigo yakishuka chini ya 50 na unasikia kizunguzungu, piga simu kwa daktari siku hiyo hiyo, lakini beta bloka usiikatishe ghafla kwa uamuzi wako, maumivu yanaweza kurudi kwa nguvu na hata kuleta shambulio la moyo, inapunguzwa taratibu na yeye akisimamia.