Sarafu ya Kichina yenye tundu: namna ya kujua kama ni halisi au ya kughushi

Mwaka 2010 sarafu ya Yongle, mfalme wa China wa nasaba ya Ming aliyetawala 1402 hadi 1424, ilifukuliwa Mambrui, karibu na Malindi. Mwaka 2013 ikapatikana nyingine kisiwani Manda. Tangu hapo watu wa pwani wananiletea sarafu za Kichina, nyingi zimenunuliwa na ndugu zao waliokwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo. Nilifanya biashara mji ule miaka kadhaa, na huko ndiko nilikoanza kuzikusanya. Nyingi ninazoletewa ni za kughushi, na karibu zote zina sura ya uzee. Kwa hiyo nakuomba uzee uuache mwisho. Uzee huigwa kwa wiki moja. Kazi ya fundi aliyeitengeneza sarafu ndiyo ngumu kuiga.

Mafundi wa nasaba za wafalme wa China, yaani Song (960 hadi 1279), Ming (1368 hadi 1644) na Qing (1644 hadi 1912), kwa kawaida hawakuzigonga sarafu hizi kwa mhuri, walizisubu. Sarafu ya mfano ilikandamizwa kwenye mchanga laini, shaba iliyoyeyuka ikamiminwa, na sarafu zikatoka zimeshikana kama majani kwenye tawi. Zikavunjwa mojamoja, zikachomekwa kwenye fimbo yenye pembe nne, halafu bavu zao zikapigwa tupa kwa pamoja. Tundu la mraba lilizizuia zisizunguke. Ukiielewa kazi hiyo, hatua zifuatazo zitakuwa nyepesi.

Tafuta mizani ya sonara inayosoma hadi sehemu ya mia ya gramu, rula nzuri au kalipa (kifaa cha kupimia upana), lenzi ya kukuza mara kumi, sumaku na chupa ndogo ya asetoni.

Hatua ya 1: Jua ni sarafu gani

Huhitaji kujua Kichina. Linganisha herufi nne na picha za katalogi. Nyingine husomwa juu, chini, kulia, kushoto, kama Kai Yuan Tong Bao ya nasaba ya Tang iliyoanza mwaka 621. Nyingine huzunguka kama mshale wa saa, kama Yuan Feng Tong Bao ya nasaba ya Song, ya 1078 hadi 1085. Kisha geuza nyuma. Za Qing huwa na maandishi ya Kimanchu, lugha ya wafalme wa Qing, yanayotaja kiwanda. Yongle ya kawaida nyuma ni tupu. Yongle yenye Kimanchu nyuma irudishe kwa mwenyewe, kazi imekwisha.

Jiulize pia kama kuna faida ya kuighushi. Karibu mwaka 1080 dola ya Song ilikuwa ikisubu mafungu zaidi ya milioni 5 kwa mwaka, kila fungu likihesabiwa sarafu 1,000. Ndiyo maana Yuan Feng halisi bado ni ya bei ndogo. Waghushi hukimbilia zenye bei: sarafu kubwa za mfalme Xianfeng za miaka ya 1850, sarafu za umbo la kisu, na siku hizi Yongle.

Hatua ya 2: Pima

Kai Yuan ya kawaida ina upana wa milimita 24 au 25 na uzito wa karibu gramu 4. Yongle ni milimita 25 hivi, gramu tatu na nusu. Zilizosubiwa kwa mkono hupishana, kwa hiyo usiitupe kwa nusu gramu. Lakini sarafu kumi za fungu moja zikilingana uzito hadi sehemu ya mia ya gramu, shaka inaanza hapo.

Sumaku isikudanganye. Shaba hainasi, ni kweli, lakini Song walikuwa pia na sarafu halisi za chuma, hasa Sichuan.

Hatua ya 3: Tazama ubavu

Nikiruhusiwa kipimo kimoja tu, nachukua hiki. Isimamishe sarafu chini ya mwanga wa pembeni, izungushe taratibu chini ya lenzi. Unatafuta mikwaruzo ya tupa: ya zamani, iliyolainika kwa kupita mikononi, yenye kutu hiyohiyo iliyo usoni. Ukiona mstari mwembamba unaozunguka katikati ya ubavu, hapo nusu mbili za kalibu zilikutana na hakuna aliyehangaika kuusugua. Ubavu laini kama kioo nao ni kazi ya mashine. Na mikwaruzo inayong'aa ilhali uso ni wa kijani maana yake tupa imepita baada ya kutu.

Chungulia na ndani ya tundu. Pale hutakiwi kukuta ukamilifu.

Hatua ya 4: Herufi na makovu

Sarafu iliyonakiliwa kutoka sarafu nyingine hupoteza ukali: herufi huwa nene, zimevimba, na uwanda kati yake una vijishimo vingi vidogo. Niliwahi kununua fungu la sarafu ishirini, zimefungwa kamba na kupakwa udongo. Nyumbani nilipoziosha, kila moja ilikuwa na kijishimo kimoja pembeni ya herufi ileile. Kovu la bahati mbaya halirudii mahali pamoja mara ishirini. Zote zilitoka kwenye kalibu moja.

Hatua ya 5: Rangi ya shaba

Tazama sehemu iliyochakaa kabisa. Shaba ya Song ilichanganywa na bati na risasi; rangi yake huelekea wekundu au kijivu. Shaba ya njano yenye zinki iliingia kwenye sarafu za China katika karne ya 16, wakati wa Ming. Kwa hiyo Song au Yongle inayong'aa njano kama kitasa cha mlango ni ishara mbaya, lakini sarafu ya njano ya Qianlong, mfalme wa Qing wa karne ya 18, ni jambo la kawaida.

Hatua ya 6: Sasa ndiyo kutu

Kutu halisi imekula shaba: ina matabaka, rangi zaidi ya moja, na ni ngumu. Ya kughushi imekaa juu kama rangi ya ukuta, mara nyingi kijani cha aina moja, na hujaa zaidi pale mnunuzi atakapotazama. Inuse, harufu ya tindikali hukaa muda mrefu. Kisha iloweke kwenye asetoni usiku mmoja, mbali na moto. Gundi na rangi zitalegea, kutu ya kweli itabaki.

Hatua hii ni kwa sarafu uliyonunua tu. Uliyoiokota ufukweni au shambani usiiloweke, usiisugue, wala usiifute vumbi. Piga picha mahali ilipolala, ifunge kwenye karatasi kavu, uwapelekee watu wa makumbusho: kwao udongo ulioizunguka una thamani sawa na sarafu yenyewe.