Somo: Mji Mkongwe na fukwe za Unguja kwa mtu wa Dar (angalia mwezi kabla ya kukata tiketi)

Wakuu, wiki hii tu nimeulizwa mara tano faragha: "Nipangie safari ya Zanzibar, mji kidogo, bichi kidogo." Naandika mara moja. Atakayeuliza tena namtupia uzi huu.

1. Kitambulisho. Watoto, vyeti vya kuzaliwa.

2. Boti ni mwendo wa kama saa mbili. Tiketi ukate ofisini kwa kampuni yenyewe, si kwa hao vijana wanaokudaka ukishuka tu karibu na Kanisa la Mtakatifu Yosefu. Miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, Juni hadi Agosti, bahari inachafuka, kwa hiyo chipsi mayai utakula ukifika.

3. Mji Mkongwe, usiku mbili, kwa miguu. Asubuhi soko la Darajani, kisha Mkunazini kwenye kanisa la Waanglikana lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa 1873. Hapo lipia mwongozaji, usipite kupiga picha tu. Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu, sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Ngome Kongwe iko jirani. Jioni vyakula vya bustani ya Forodhani, na bei uliza kabla sahani haijajaa.

4. Ufukwe. Hapa ndipo nilipoharibu, someni taratibu.

Nilipeleka familia Jambiani, pwani ya mashariki, sikukuu ya Idi el-Fitri, usiku tatu, zimelipwa kabla. Asubuhi ya kwanza watoto wametoka na maboya yao, bahari hakuna. Mchanga, majani na vidimbwi mpaka kule mbali mawimbi yanakovunjikia. Mdogo akasema tuifuate. Tukaifuata, akakanyaga wale wadudu wa miiba myeusi, nikarudi nimembeba mgongoni huku kina mama wa mwani wakinitazama kwa huruma. Maji yalirudi alasiri, sisi tumeshachoka na kununiana.

Kosa halikuwa la Jambiani. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ndipo penye bamvua: maji yanajaa sana na kupwa sana. Kwa Unguja siku hizo yanakauka kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni, kisha kila siku yanachelewa kwa dakika 50 hivi. Katikati ya vipindi hivyo ni maji mafu, hayaendi mbali. Sasa piga hesabu: Idi el-Fitri ni tarehe mosi Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata Ramadhani. Ni mwandamo. Yaani nusu ya Dar tunavuka kwenda kuogelea siku ambazo bahari ya mashariki imeondoka asubuhi nzima!

Kwa hiyo: Paje, Jambiani na Bwejuu nenda siku za maji mafu. Ikikubidi bamvua, lala Nungwi au Kendwa kaskazini, huko maji hayakimbii hivyo. Popote uendapo vaa yeboyebo. Kandambili zinabaki kwenye tope.

5. Kurudi: acha nusu siku ya akiba.

MASWALI

Mdau wa Tabata: Mkuu, bichi gani nzuri nikienda Idi?
– Hatua ya 4.

Mdau wa Tabata: Nimesoma juujuu, ni ndefu. Nitajie tu.
– Kendwa. Na ukirudi usome.

Binti Kigamboni: Na Idi ya kuchinja?
– Swali zuri sana dada. Hiyo ni tarehe 10 Mfunguo Tatu, unaangukia maji mafu. Jambiani itakufaa.

Mpare Mjanja: Sisi wa Pasaka je?
– Pasaka ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu. Ukiwa mpevu Ijumaa, umeingia bamvua. Ukiwa mpevu Jumatatu iliyotangulia, maji yameshaanza kutulia. Ila ni masika, mvua haiangalii mwezi.

Shemeji wa Mjerumani: Mgeni wangu anahitaji nini cha ziada?
– Pasipoti, na bima ya Zanzibar. Tangu Oktoba 2024 ni lazima kwa wageni wa nje, dola 44. Wewe Mtanzania haikuhusu.

Kijana wa Paje: Unatuharibia biashara. Bamvua ndiyo raha yenyewe, unatembea mpaka kwenye mashamba ya mwani.
– Sijakataa, na mimi ningetembea kama ningejua. Nililipia kuogelea. Mwenye kutaka kuona mwani ukivunwa, aje bamvua, saa tatu asubuhi awe ameshavaa viatu.

Mzee wa Magofu: Unguja nimeshaichoka. Kilwa inafaa kwa mpango huuhuu?
– Inafaa, na haina msongamano. Lala Kilwa Masoko, ufukwe wa Jimbizi uko palepale. Kibali cha magofu unakata Masoko kabla ya kuvuka kwenda Kilwa Kisiwani. Magofu ya Msikiti Mkuu na jumba la Husuni Kubwa yape siku nzima. Msafiri Ibn Battuta wa Moroko alifika mji huo 1331. Aprili na Mei usithubutu, 2024 mafuriko yalikata barabara pale Somanga. Ukitaka na Songo Mnara, kisiwa kingine cha magofu, saa ya kuondoka usipange wewe. Muulize nahodha maji yanajaa lini, la sivyo utashuka kwenye mikoko na suruali umeikunja mapajani.